Milango Minne ya Mwalimu Qudsia

Jumatano, 3 Julai

Daftari hili lilikuwa la hesabu la binti yangu Mahrukh kabla hajaolewa Multan. Alijaza kurasa tisa, zilizobaki ni zangu. Naandika hapa dukani, nimekalia kiti cha nyuma cha gari la watu, maana umeme umekatika na cherehani imenyamaza. Nina majibu mengi tumboni na hakuna wa kumpa.

Mume wangu Riasat alipigwa na kiharusi mwezi wa Machi. Mkono wa kulia umekufa. Ulimi umebakiwa na maneno matatu: "chai", "hapana" na jina la Mungu. Kwa miaka ishirini na miwili kichochoro hiki kimemwita Ustad Riasat, fundi wa viti na milango ya magari, mwenye mshono ulionyooka kuliko wa mtu yeyote hapa Lahore. Mshono huo ni wangu. Yeye alikuwa akibandua kitambaa kilichochakaa kwenye milango, anakileta nyumbani ndani ya gunia, mimi nakata kipya kwa kufuata kile cha zamani, nakishona mistari au almasi juu ya sponji, asubuhi anaondoka nacho. Hakuna aliyeuliza. Yeye hakusema. Mimi nami sikusema, na hilo ndilo linaloniuma leo.

Nimefungua duka tangu mwezi uliopita. Wiki ya kwanza walidhani nimekuja kuuza vifaa vyake. Sasa wameshajua nimekuja kukaa.

Ijumaa, 5 Julai

Mbao mbili za ndani ya milango ya gari la Mehran, kitambaa cha kijivu. Joto la kuchemsha ubongo. Gundi inakauka kabla sijaigusa.

Jumatatu, 8 Julai

Leo amekuja Mzee Inayat. Yeye ndiye mkubwa wa kichochoro, mafundi kumi na wanane wote wanasimama akipita. Hakuketi. Alitazama cherehani, akatazama mikono yangu, macho yake hayakupanda usoni hata mara moja. Aliniuliza hali ya mgonjwa, nikamjibu. Kisha akatoa lililomleta.

"Shemeji, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Sawan tunakutana, kama kila mwaka. Nitakuuliza swali moja tu mbele ya watu: nani alikufunda? Ukiwa na jibu, kaa. Ukiwa huna, nafasi hii tutampa Waqas."

Waqas ni mpwa wake, mtu wa miaka thelathini mwenye masharubu ya mtu wa hamsini. Alikuwa amesimama nyuma yake akipima ukuta wangu kwa macho.

Kanuni naijua, nimeisikia tangu nilipoolewa. Kila anayekaa hapa alivishwa kilemba na fundi wake mbele ya wenzake. Siku hiyo mwanafunzi anachukua ladu la kwanza, tufe tamu la unga wa dengu, kwenye sinia na kumlisha fundi wake kwa mkono wake, na kwa tendo hilo amekiri kwamba alichonacho kimetoka kwa huyu. Ndipo anafungwa kilemba. Mtu ambaye hajawahi kumlisha fundi ladu anaitwa asiyefundwa, hata awe na kazi ya miaka thelathini. Nimeona wanaume wakishikana koo hapa kwa neno hilo.

Walipoondoka, Gulzar wa tanuri la mkate, jirani yangu wa ukuta mmoja, alinisogelea. Ana roho nzuri na mdomo usiofungwa. Akaniambia nisijitaabishe, niseme alinifunda mume wangu, wamlete kwa riksho, nimlishe ladu, kilemba wamsaidie kukifunga, yaishe.

Ni rahisi kweli. Neno moja, na duka ni langu. Bila duka hatuna chakula wala dawa, hilo nalijua bila kuambiwa. Lakini kushona nilifundwa na mama yangu Hajra, mshonaji wa mablanketi ya pamba kule Sheikhupura, aliyenichapa vidole kwa rula kila uzi ulipopinda. Riasat aliponioa hakujua hata kutunga sindano. Nimlishe ladu la nini?

Jumanne, 9 Julai

Sitasema uongo. Nimeamua hivyo na chai haijapoa.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemweleza Riasat habari za Mzee Inayat. Alikuwa amelala akitazama dari. Nilipofika kwenye swali, alifumba macho. Nikamuuliza: unasemaje? "Chai," akasema. Nilimpa chai. Nilitaka kummwagia.

Watu wanadhani mgonjwa hawezi kukasirikiwa. Mimi namuogesha, namlisha, namgeuza ubavu, na nimemkasirikia. Wateja waliofika nyumbani walikuwa wakimsifu almasi zangu mbele yangu, nami nikiwaletea maji kwenye trei, naye anapokea sifa macho makavu.

Jumanne, 16 Julai

Sawan mosi, mwezi wa mvua, na mvua imekuja na tarehe yake kama mtu aliyeitwa. Kichochoro kizima kimejaa harufu ya bajia. Gulzar amekaanga sinia zima na kutugawia, hata mimi, hata Waqas. Tanuri lake halivuji, maana paa amelitandika nailoni za milango ya magari. Kila fundi akifungua mlango huikuta nyuma ya ubao karatasi ya nailoni, huichana na kumtupia Gulzar au kujifunika kichwani aende kununua chai. Nusu ya magari ya Lahore yamemwezekea Gulzar. Hata mimi nimeshampa mbili.

Alhamisi, 18 Julai

Mvua. Hakuna mteja. Waqas amepita mara nne.

Jumatatu, 22 Julai

Leo nimepata kazi ambayo wengine wote wameshindwa, na nimeitaka kwa sababu hiyohiyo.

Mwenye gari ni Mwalimu Qudsia, mkuu mstaafu wa shule ya wasichana, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Gari ni Corolla ya mwaka themanini na sita, rangi ya maziwa, aliyoachiwa na kaka yake. Injini inanguruma kwa adabu. Ila kitambaa cha milango yote minne kimening'inia na kutoa matumbo. Amekibadilisha miaka mitatu mfululizo, mafundi watatu wa kichochoro hikihiki, na kila Sawan kinavimba na kuachia. Wa mwisho alikuwa Mzee Inayat mwenyewe, mwaka jana. Wote wamemwambia ni gundi, gundi na mvua haziivi.

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, bila haya.

"Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini na sita," akasema. "Anayetaka kunidanganya huwa anahamisha uzito mguu huu na ule. Wewe umesimama vizuri. Nifanyie."

Mafundi wa upande wa pili walikuwa wakitazama. Nikapokea funguo kwa sauti, ili wasikie.

Alhamisi, 25 Julai

Siku tatu, milango minne. Nimeifanya kama mama alivyokuwa akifanya blanketi la harusi.

Nilifungua skrubu, nikatoa kishikio na mkono wa kuzungushia kioo, nikachomoa vibanio kimoja kimoja bila kuvunja hata kimoja. Kitambaa kilitoka chenyewe, kikiwa na sponji iliyogeuka unga wa njano. Hapo ndipo wavivu wanaharibu, wanapaka gundi mpya juu ya unga wa zamani. Mimi niliusugua kwa brashi hadi ubao ukabaki mtupu. Nyuma ya mlango mmoja kulikuwa na vipande vya nailoni vilivyochanika, nikavikwangua pia na kuvitupa. Nikakata kitambaa cha rangi ya zambarau iliyoiva, nikakishona almasi. Gundi pande zote mbili, nikangoja hadi kidole kisinate, kisha nikalaza kuanzia katikati kwenda kingoni, kiganja polepole, hata Bubu asingepata pa kutia ukucha. Bubu ni paka wa Gulzar.

Mwalimu Qudsia alipapasa kila mlango. Akasema tu, "Tutaona mvua inasemaje." Nikamwambia iseme itakavyo.

Jumanne, 30 Julai

Imesema.

Gari lilirudi saa tano asubuhi. Mlango wa dereva, povu kubwa kama sahani. Mlango wa nyuma kushoto, kitambaa kimeachia chini chote. Almasi zangu zimelegea. Mwalimu Qudsia hakufoka, na afadhali angefoka. Aliweka funguo juu ya meza ya cherehani na kusema atarudi wiki ijayo. Kichochoro kizima kilikuwa kimesimamisha kazi.

Waqas akasema, sauti ya kufika hadi barabarani, "Hiyo ndiyo kazi ya asiyefundwa."

Walicheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Mzee Inayat alimwambia mpwawe afunge mdomo, akanijia, akainama kuutazama ubao. Akasema kwa upole ambao sikuutaka, "Ni gundi, shemeji. Hata mimi ilinishinda." Ningependa anitukane. Mtu akikuhurumia huna pa kumshika.

Nimeaibika. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nimefunga duka saa nane mchana, nimepita katikati ya kichochoro na ubao mmoja kwapani, shingo juu, na machozi nimeyazuia hadi nilipovuka mfereji. Lakini gundi siilaumu. Gundi hiyohiyo Riasat aliitumia miaka yote, mvua zote, na sikumbuki hata mlango mmoja wake kurudi.

Kwa nini haikurudi?

Alhamisi, 1 Agosti

Nimejua.

Jana sikuwa na nguo kavu ya kazi, kila kitu kimelowa uani, nikatoa sandukuni kanzu ya kazi ya Riasat niivae juu ya nguo yangu. Mkono wa kulia, kutoka kifundo hadi kiwiko, una madoa meusi. Madoa hayo nayajua kuliko nyuso za ndugu zangu. Nimeyasugua kwa mafuta ya taa miaka ishirini na miwili na kumlaani aliyeyaleta, na hayajawahi kutoka. Nikaketi nayo kitandani. Nikajiuliza: mafundi kumi na wanane, nani mwingine ana weusi hadi kiwikoni? Hakuna. Inayat mikono yake ina gundi ya njano. Waqas hana kitu, mafuta ya nywele tu. Sasa Riasat alikuwa akiutia mkono wapi?

Ndani ya mlango. Nyeusi inayonata ndani ya mlango ni lami, ile wanayoshikizia nailoni kiwandani.

Nikaenda hadi kitandani kwake na kanzu mkononi. Nikamwonyesha mkono wa kanzu, nikamwambia, wewe ulikuwa unairudisha ile nailoni, kila mlango, na hukumwambia mtu. Alinitazama. Mara ya kwanza tangu Machi alinitazama mimi, si kijiko. Midomo ikahangaika, na likatoka neno ambalo halikuwa miongoni mwa yale matatu.

"Maji."

Nilidhani ana kiu. Nikamletea bilauri, akatikisa kichwa kwa hasira. Kwa mkono wa kushoto akavuta nailoni ya meza ya dawa, chupa zikaanguka, akaining'iniza kwenye ukingo wa kitanda. Akaonyesha beseni la chini. Nikalisogeza. Akaukunja ukingo wa chini wa nailoni, akauingiza kwa ndani, juu ya beseni. Kisha akachukua bilauri na kumwaga maji yote juu ya nailoni. Yakateremka, yakafuata mkunjo, yakaingia kwenye beseni, hakuna tone lililotoka nje.

Basi ni hivyo. Mvua inapita pembeni mwa kioo, inashuka ndani ya mlango. Hiyo ni kawaida yake, chini kuna matundu ya kuitoa. Nailoni ndiyo inayoyazuia maji yasiufikie ubao. Ukiichana, ubao unakunywa kutoka nyuma, unavimba, na kitambaa kinaachia hata ukikibandika kwa gundi ya malaika. Kichochoro kizima kinalaumu gundi, na dawa ya ugonjwa imetandikwa juu ya tanuri la Gulzar. Na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikwangua vipande vya mwisho nikavitupa.

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, kati ya chupa za dawa. Naye akacheka, kwa upande mmoja wa uso. Kisha nikalia, kisha nikamgombeza. Nilimwambia ulikuwa fundi kweli, kumbe, nami niliapa kwamba ulikuwa mwizi wa mshono wangu tu. Nilimwambia na mwizi pia ulikuwa. Nilimwambia tumelala chumba kimoja miaka yote hii, wewe hujui ninavyoshona na mimi sijui unavyobandika, tumeishi kama wapangaji. Hakufumba macho. Aliyasikia yote.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimempandia Gulzar juu ya paa. Alilalamika, akaita watu, akasema shemeji amepata wazimu wa mvua. Nikachagua nailoni nne nzima nzima na kumlipa turubai jipya. Mbao za Corolla nimezikausha juu ya tanuri lake kila alasiri mkate ulipokwisha, halafu nikazilaza chini ya cherehani zinyooke. Milangoni nimetandika nailoni kwa lami mpya, mkono ndani hadi kiwiko, ukingo wa chini umekunjwa kwa ndani kama kitandani kwetu. Kitambaa kile kile cha zambarau, sponji mpya.

Mkono wangu wa kulia sasa ni mweusi. Sijausugua.

Jumatano, 7 Agosti

Mwalimu Qudsia amechukua gari. Nimemwomba aliegeshe nje, asilifunike.

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua tangu alfajiri, maji magotini hata barabara kuu. Watu wanasukuma pikipiki. Wote wanailaani. Mimi naiombea izidi.

Jumatatu, 12 Agosti

Gari limerudi. Milango minne, kitambaa kimekaa kama ngozi ya ngoma. Mwalimu Qudsia alifungua yote kwa mpigo hapo kichochoroni, akasimama kando na mwavuli wake na kusema kwa sauti ya darasani, "Anayetaka kugusa, aguse."

Hakuna aliyesogea ila Mzee Inayat. Aliweka kiganja mlango wa dereva, akakiacha hapo muda mrefu, akausogeza chini, mahali ambapo huwa panaanza kulowa. Pakavu. Akaniuliza gundi gani. Nikamjibu ileile.

Ningeweza kukaa kimya. Kila mtu hapa ana siri yake, na hii ingenilisha miaka kumi. Lakini nimechoka na kazi za kufichwa. Nikachomoa vibanio viwili, nikautenga ubao, nikamwonyesha nailoni, nikamwambia nani alinionyesha na kwa njia gani. Alisikiliza akiwa ameinama. Alipoinuka alikuwa mzee kuliko alipoinama.

"Miaka arobaini nimekuwa nikiichana," akasema. "Fundi wangu aliichana, nami nikaichana."

Nilikuwa nimemweka Inayat kwenye fungu la watu wabaya tangu tarehe nane ya mwezi uliopita. Leo nimemtoa. Mtu mbaya asingesema vile mbele ya mpwawe. Ila hakuniachia. Akiondoka aligeuka: "Kazi nimeiona, shemeji. Swali langu la Alhamisi liko palepale."

Na jibu langu liko palepale.

Jumatano, 14 Agosti

Sikukuu ya uhuru. Bendera zimelowa, tarumbeta za plastiki zinatutoboa masikio. Duka nimefunga, nimeshinda nyumbani.

Nimemwambia Riasat nitakayoyasema kesho. Nimemwambia waziwazi kwamba sitasema nilijifunza kushona kwake. Nitamtaja mama yangu. Nitasema mishono yote ya miaka ishirini na miwili ni yangu. Anajua hilo linamfanya nini. Wataulizana, Ustad Riasat aliyesifiwa mshono, kumbe hakuwahi kushona? Hata kilemba chake alichofungwa na marehemu Ustad Karamat watakitilia shaka.

"Hapana," akasema.

Nikamwambia nailoni nitakutaja, haki yako nitakupa yote, lakini mshono hapana. Akageukia ukutani. Nikamkalisha, nikamlisha dengu na mkate, akala bila kunitazama. Nimeumia kuliko nilivyotarajia. Wiki mbili hizi nilianza kumzoea upya.

Gulzar amepita kuuliza kama amlete kesho kwa riksho. Nimemwambia asihangaike.

Alhamisi, 15 Agosti

Naandika nyumbani, jua halijazama. Nataka kuandika kabla sijaanza kuyapamba yaliyotokea.

Walitandika mikeka ndani ya karakana ya Mzee Inayat. Mafundi wote, chai, sinia la ladu, na juu ya kiti kilemba cheupe kimekunjwa. Hakikuwa changu, kilikuwa cha Waqas, apewe duka langu na heshima siku moja. Nilikaa kwenye kiti cha gari nilichokileta mwenyewe. Mwalimu Qudsia alikuja bila kualikwa na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Mzee Inayat alisimama. Kwanza alisema habari ya nailoni, akakiri milango aliyoiharibu mwaka jana, na hakujitetea. Nikamheshimu. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, nani alikufunda?"

Nikasimama. Miguu yote miwili, uzito sawa. Nikasema: "Kushona nilifundwa na mama yangu Hajra, mshonaji wa mablanketi, Sheikhupura. Amekufa, hawezi kuja kunifungia kilemba. Mlango nimefundwa na mume wangu, juzijuzi tu, kitandani. Na kila mshono mliousifu kwake tangu nimeolewa ni wa mkono huu. Haya, semeni."

Walisema. Mwanamke hawezi kuwa fundi wa mtu hapa. Maiti hailishwi ladu. Mmoja akasema namchafua mume ambaye hana ulimi wa kujitetea, na hilo lilinichoma, maana nililala nalo. Waqas akasema neno lake lilelile, asiyefundwa, na safari hii mjomba wake hakumnyamazisha. Mzee Inayat aliinamisha kichwa, akasema kanuni ni kanuni, na akanyoosha mkono kuelekea kilemba.

Hapo ndipo riksho lilipoingia na kelele zake hadi mlangoni. Gulzar alishuka kwanza, amejaa unga. Nikamwona Riasat nyuma yake, amevaa kanzu ya kazi, ile yenye mkono mweusi. Wawili walimshika. Alikuwa akiburuta mguu, jasho linamtoka, na uso wake umekaza kwa namna ambayo sikuweza kuisoma. Nilijua amekuja kunikana. Nilijiambia akinikana nitarudia yote, neno kwa neno, mbele yake.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye sinia. Akachukua ladu la kwanza kwa mkono wa kushoto. Mtu mmoja akanong'ona, kushoto, na Gulzar akamwambia ndio mkono alio nao. Wote walikaa sawa, wakidhani fundi mkubwa amesahau utaratibu kwa ugonjwa, maana ladu la kwanza halishikwi na fundi. Anashika mwanafunzi.

Riasat akaja mbele yangu. Ladu lilikuwa likimegeka vidoleni. Akaliinua hadi mdomoni mwangu.

Karakana nzima ilielewa kwa pamoja. Nilisikia chai ikimwagika mahali. Ustad Riasat, mwenye kilemba cha miaka ishirini na miwili, amesimama mbele ya mafundi kumi na wanane kama mwanafunzi, na fundi wake ni mkewe.

Sikufungua mdomo mara moja. Nilitaka waone vizuri. Akasema, polepole, akisukuma kila kipande cha neno: "Kula."

Nikala. Sijui lilikuwa na ladha gani, nilikuwa nalia.

Mzee Inayat aliwageukia wenzake. Kisha akasema, "Mwenye mwanafunzi hawezi kuitwa asiyefundwa. Kuna mwenye neno?" Akatazama mmoja mmoja. Alipomfikia mpwawe alimtazama zaidi. Akachukua kilemba, akasita, hajui mwanamke anafungwaje. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakiweka begani juu ya mtandio wangu, nikarudi kwenye kiti changu. Mwalimu Qudsia akapiga meza ya karakana mara moja, kama anayefunga shauri la darasa.

Nyumbani Riasat amelala na kanzu yake. Amekataa nimvue.

Ijumaa, 16 Agosti

Mwezi wa Bhadon umeanza, mvua ileile. Nimefungua duka saa mbili. Kilemba nimekitundika kwenye msumari juu ya cherehani.

Saa nne akaja Waqas. Amesimama kizingitini, maji yanamtiririka kwenye masharubu, ubao wa mlango kwapani. Alitazama dari, akatazama viatu vyake. Mwishowe akauliza, "Shemeji, ile nailoni, chini unaikunjaje?"

Nikaendelea kushona hadi mwisho wa mstari, nikakata uzi, nikamwambia aende kwanza akalete ladu.

Kisha akauegemeza ubao wake ukutani mwangu, mahali pakavu, akaenda na mvua yote ile.